Ukiombwa uzungumze na kijana Mfilipino ughaibuni, anza na lugha yake

Kazi yangu ni kuwasindikiza wanafunzi wahamiaji katika shule za sekondari hapa Winnipeg, Kanada, na wengi wa vijana wangu ni Wafilipino. Mji huu Kitagalogi unakisikia kwenye basi, kwenye foleni ya duka, kwenye korido za hospitali. Sensa ya Kanada ya 2021 ilihesabu watu zaidi ya 950,000 wenye asili ya Ufilipino nchi nzima. Na sisi Waswahili tumo humohumo. Ukiwa muuguzi, mtunza wazee au mwanakwaya wa kanisa Katoliki, mwenzako wa zamu au wa sauti ya pili huenda akawa Mfilipino. Ipo siku atakuvuta pembeni akwambie: "Mwanangu haongei na mimi siku hizi. Wewe anakupenda. Hebu zungumza naye."

Nakuandikia kwa ajili ya siku hiyo. Kuna jambo moja nalisisitiza kuliko yote: kabla hujaanza kutafuta tatizo la kijana, tafuta ni lugha gani anaweza kusema ndani yake kwamba ameumia. Ukishaijua, ilinde.

Usidhani ni Kitagalogi

Ufilipino ina visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 100. Kitagalogi asili yake ni Manila na majimbo ya jirani. Mtoto wa Cebu amekulia Kisebuano, ambacho wasemaji wake hukiita Bisaya. Wa Ilocos amekulia Kiilokano. Wa Iloilo, Kiilonggo. Mwaka 1937 Rais Manuel Quezon alitangaza kwamba lugha ya taifa itajengwa juu ya Kitagalogi, na katiba ya 1987 ikaiita Kifilipino. Watoto wote huisoma shuleni na kuisikia kwenye televisheni, lakini Wabisaya wengi wana kinyongo nayo cha siku nyingi, na lafudhi yao imekuwa ikichekwa Manila miaka nenda rudi. Kwa hiyo usidhani kijana wako ameanza kudharauliwa kwa sababu ya ulimi wake alipofika Kanada. Huenda alikuja na kidonda hicho kutoka kwao.

Binti mmoja wa miaka 15, mtoto wa Iloilo, aliletewa mkalimani wa Kitagalogi. Kila alichoulizwa alijibu "opo", yaani ndiyo ya heshima, huku akikunja na kukunjua upindo wa sweta. Ripoti ikaandikwa kwamba hana shida yoyote. Nilipokaa naye baadaye nilifanya kile ninachofanya na kila kijana mgeni, na nawe unaweza kukifanya ukiwa na karatasi na kalamu tu.

Mwambie aandike jina lake katikati ya karatasi. Kuzunguka jina aandike watu na nyakati: bibi, mama, baba, mdogo wake, darasani, kwenye simu na marafiki wa nyumbani, kusali, kugombana, kuhesabu hela, kuota ndoto. Kisha kila mahali aandike lugha anayotumia. Usimharakishe na usimsaidie kujaza. Binti yule aliandika Kiingereza darasani, Kitagalogi kwa majirani, Kiilonggo kwa bibi, kwa Mungu na kwenye ndoto. Penye neno mama akaacha wazi. Hatukuzungumza kitu kingine siku ile, na hatukuhitaji. Mkalimani wa Kiilonggo tulimpata kwa simu, kutoka mji mwingine.

Hilo la mji mwingine nalo lizingatie. Jumuiya ya Wafilipino, hata ikiwa kubwa namna gani, watu wake wanajuana. Mkalimani wa mtaani anaweza kuwa mama wa ubatizo wa mtoto, au anakaa benchi moja kanisani na shangazi yake. Aibu ya familia kwao si jambo dogo, na kijana akimtambua mkalimani, atafunga mdomo. Omba mkalimani wa simu asiyemjua. Na kamwe, kamwe usimfanye mtoto awe mkalimani wa mama yake kwenye mazungumzo yanayomhusu yeye mwenyewe.

Kiingereza alichokuja nacho

Hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Wamarekani waliichukua Ufilipino kutoka kwa Wahispania mwaka 1898, na mwaka 1901 wakapeleka walimu kwa mamia. Kiingereza kikawa lugha ya shule, na uhuru wa 1946 haukukiondoa. Zipo shule zilizowatoza watoto faini za sarafu kwa kuongea lugha ya nyumbani darasani. Msomaji uliyesoma Kenya ukavishwa disk, kile kibao cha aibu, shingoni kwa kosa hilohilo unajua mtoto anafundishwa nini hapo: kwamba Kiingereza ndiyo akili.

Sasa mfikirie mtoto aliyekuwa kinara wa Kiingereza katika shule yake, aliyepewa medali mbele ya wazazi. Anafika Winnipeg, anapewa mtihani wa kumpima, anapelekwa darasa la wanaojifunza Kiingereza. Walimu wanasema ni la kumsaidia, na kweli linawasaidia wengi. Yeye anachosikia ni kwamba amevuliwa cheo. Wiki chache baadaye hanyooshi mkono tena, hata kwenye hisabati anayoijua.

Ukikutana naye, usimsifu kwa kusema Kiingereza chake ni kizuri. Sifa hiyo inamkumbusha kwamba anapimwa. Muulize alikuwa hodari wa nini kwao. Mwombe akuonyeshe picha za medali, nyingi zimo kwenye simu ya mama. Kama una sauti mbele ya mwalimu, omba aruhusiwe kuandika rasimu ya kwanza kwa lugha yoyote anayoitaka, au mchanganyiko, kisha aigeuze. Nimeona vijana wakirudi kuwa waandishi kwa njia hiyo tu.

Muulize pia nani anamcheka. Mara nyingi si Mzungu. Ni Mfilipino mwenzake aliyezaliwa hapa, mwenye jina la ukoo linalofanana na lake, anayemwiga anapotamka p mahali pa f na kumwita "fob", neno la dharau kwa mgeni aliyeshuka juzi. Mwanasaikolojia E. J. R. David, Mfilipino wa Marekani, amechunguza kwa miaka mingi namna Wafilipino walivyorithishwa na ukoloni kudharau ngozi yao, lafudhi yao na vitu vyao, na tafiti zake zimeonyesha kuwa dharau hiyo huandamana na dalili za sonona. Kwa hiyo anayecheka na anayechekwa wote wanahitaji mtu. Usimwendee anayecheka kwa fimbo. Mwite naye, mpe karatasi ileile aijaze.

Anajibu kwa nyusi

Mwalimu mmoja alinilalamikia kwamba mvulana fulani anamdharau: anamuuliza swali, naye anamkodolea tu. Niliketi nyuma ya darasa. Mvulana alikuwa akijibu kila mara. Alikuwa akipandisha nyusi, haraka, mara moja, na kwao hiyo maana yake ni "ndiyo". Akitaka kuonyesha kitu, anakielekeza kwa midomo. Akikuita Ma'am au Sir bila jina lako, amekuheshimu. Akikuita Tita au Tito, shangazi au mjomba, amekukaribisha nyumbani. Ipokee heshima hiyo. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatuna sababu ya kumwambia mtoto atuite kwa jina.

Akisema "okay lang po", kwamba ni sawa tu, usiishie hapo wala usimbane. Usimuulize kama ana huzuni. Uliza mwili: analala saa ngapi, anakula nini mchana, kichwa kinamuuma siku zipi, tumbo je. Vijana hawa huugua tumbo Jumapili jioni. Kisha zungukia kwa wengine: "Wapo wanafunzi hapa huniambia jioni ndiyo ngumu kuliko mchana. Kwako inakuwaje?" Nyamaza baada ya hapo. Akicheka na kutania sana kuhusu jambo zito, lisikilize hilo jambo.

Mapema kabisa mwambie utakachokitunza na usichoweza kukitunza. Mimi husema hivi: "Ukiniambia umegombana na mama, ni letu. Ukiniambia unataka kujidhuru au kuna mtu anakuumiza, nitamtafuta wa kutusaidia, na nitakwambia wewe kwanza." Sijaona kijana aliyenichukia kwa sentensi hiyo.

Mama aliyetangulia

Kati ya 1992 na 2014 Kanada ilikuwa na mpango wa walezi wanaoishi kwa mwajiri, na walioingia kwa wingi walikuwa wanawake wa Kifilipino. Mama alitakiwa kufanya kazi miaka miwili ndipo aombe ukaazi wa kudumu, kisha makaratasi ya watoto yachukue miaka mingine. Mpango ule umekwisha, lakini mtindo wa mzazi mmoja kutangulia haujaisha. Mtoto analelewa na bibi. Upendo wa mama unafika kwa sanduku la balikbayan, yaani sanduku la zawadi ambalo Wafilipino walio ughaibuni hutuma kwao, linalosafiri kwa meli miezi: sabuni, chokoleti, nyama ya kopo, viatu vilivyokadiriwa saizi. Halafu wanakutana uwanja wa ndege, na aliyemlea, yule anayemwita mama kwa moyo wake wote, amebaki kijijini.

Usimwambie kijana huyo ashukuru. Anashukuru mno tayari. Deni la fadhila kwa wazazi analibeba tangu utotoni, na kumwongezea uzito ndiko kunakomfanya afiche maumivu, maana atasemaje anaumia wakati mama anafanya kazi mbili kwa ajili yake? Badala yake mruhusu kumlilia bibi. Simu ya video na bibi si anasa wala uvivu wa kuzoea nchi mpya, ni dawa. Hesabu tofauti ya saa pamoja naye: Winnipeg iko nyuma ya Ufilipino kwa saa 13 majira ya joto na 14 majira ya baridi, hivyo saa moja jioni huku, kwa bibi ni asubuhi ya kesho yake.

Mama naye ana lake, na ukimlaumu umewapoteza wote wawili. Usiwakalishe uso kwa uso wajieleze. Wape kazi ya mikono wafanye bega kwa bega: kuosha mchele, kukatia mboga za pancit, yaani tambi za kukaanga, kukunja lumpia, zile sambusa zao za mviringo mrefu. Mwombe mama asimulie, kwa lugha ya kijijini kwao, vitu vidogo vya miaka ile: chumba alicholala, baridi ya kwanza, mtoto wa mwajiri aliyemwogesha huku akimuwaza wa kwake. Kijana asimulie vyake akiwa tayari. Yule binti wa Iloilo, sehemu iliyoachwa wazi ilianza kujazwa jikoni, mama aliporudia Kiilonggo alichokuwa amekiacha kwa kudhani mwanawe anahitaji Kiingereza zaidi.

Waliozaliwa huku

Kwa hawa nitakuwa mfupi. Wazazi wengi walishauriwa wawasemeshe Kiingereza tu, ili wafaulu. Kijana anaelewa kila anachosema nyanya yake lakini hawezi kumjibu, na akijaribu, meza nzima inacheka. Wazazi wenzangu wa Kiswahili, hili mnalijua vizuri. Omba familia iache kucheka na iache kusahihisha. Ajibu kwa Taglish, yaani Kitagalogi kilichochanganywa na Kiingereza, ajibu kwa nusu neno, aimbe karaoke bila kujua maana ya kila mstari. Lugha isiwe mtihani wa kuthibitisha kwamba ni Mfilipino.

Kumpeleka kwa mshauri

Familia nyingi zitaanza kwa padri au kwa ndugu mkubwa, na mimi siwazuii. Omba kuongozana nao. Padri mwenye busara akisema "nendeni pia kwa daktari", mlango unafunguka kuliko ningesema mimi. Kila kijana ana ate au kuya, dada au kaka mkubwa, hata akiwa binamu. Mtafute huyo awe wa kati, kwa ridhaa ya kijana. Ukizungumza na wazazi acha neno ugonjwa wa akili kwa siku ya kwanza. Sema kijana hapati usingizi, hataki chakula, tunamtafutia mtu aliyesomea kusikiliza vijana. Ukiwa na nafasi ya kuchagua mshauri, muulize kama anajua kazi ya Virgilio Enriquez, aliyeanzisha saikolojia ya Kifilipino miaka ya 1970 akisisitiza kwamba huwezi kumwelewa mtu huyu ukimtenga na watu wake. Mshauri anayemwambia kijana wa Kifilipino ajiwekee mipaka na familia kwenye kikao cha kwanza hatamwona kwenye cha pili.

Ukiona hatari

Akigawa vitu vyake, akijikata, akisema bora asingekuwepo, hata kwa utani, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Tumia lugha mnayoelewana vizuri, na kama unajua sentensi hiyo kwa lugha yake ya nyumbani, itumie hiyo. Usimwache peke yake. Kanada na Marekani piga au tuma ujumbe 988, nambari ya msaada kwa anayefikiria kujiua, saa 24. Kama hatari iko hapo hapo, piga 911, nambari ya dharura. Ondoa dawa na vitu vyenye ncha karibu naye.

Mama aambiwe siku hiyohiyo, kwa lugha yake, na mtu mzima, kabla hajapigiwa na ofisi yoyote kwa Kiingereza. Mwambie mwanawe yuko hai na yuko na nani, ndipo umweleze mengine. Na kesho yake mpigie kijana, hata kama hospitali imeshampokea, umuulize kama amekula.