Shahada ya anthropolojia: hesabu za kuingia, kuhama na kuhitimu kwa mwanafunzi wa Mtwara na Lindi

Kabla hujafungua mfumo wa maombi wa chuo chochote, tandaza vyeti vyako mkekani: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, na matokeo ya kidato cha sita. Soma majina herufi kwa herufi. Kwetu huku binti mmoja anaweza kuwa Somoe kwenye cheti cha kuzaliwa na Somoye kwenye cha shule, au kijana akaandikwa jina la babu sehemu moja na jina la ukoo sehemu nyingine. Mtaani hilo halina neno, ila RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) inapohakiki cheti chako kwa ajili ya mkopo, na chuo kinapokusajili, hao ni watu wawili. Dawa yake ni hati ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa, na kazi hiyo huchukua muda. Ianze mitihani ya Mei ikiisha, usingoje matokeo ya Julai.

Kigezo cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa aliyetoka kidato cha sita ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0. Prinsipo ni somo ulilopata kuanzia A hadi E. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo mwenye D na D anatosha, mwenye C na E anatosha, mwenye D na E ameishia 3. Wengi hupotea kwenye S: ina nusu pointi lakini si prinsipo, hivyo mwenye A moja na S mbili, pamoja na A yake, hana sifa. GS (General Studies) nayo haihesabiwi. (Waliomaliza 2014 na 2015 walitumia ngazi tofauti ya alama, wasitumie hesabu hii.) Mwenye stashahada anahitaji GPA (wastani wa pointi za alama zake) ya 3.0 na angalau ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na aombe mapema namba ya uhakiki NACTVET (baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi), maana bila namba hiyo mfumo haumpokei. Programu nyingi hazihesabu masomo ya dini. Kama moja ya masomo yako manne ni Elimu ya Dini ya Kiislamu, soma kigezo cha programu mpaka neno la mwisho kabla hujalipa ada ya maombi.

Anthropolojia ni taaluma ya kuchunguza jamii za watu na utamaduni wao, ila usitafute neno hilo peke yake kwenye mwongozo wa udahili. Hapa nchini taaluma hii mara nyingi inakaa nyumba moja na sosholojia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sosholojia na Anthropolojia. Kinachokujulisha unachokwenda kusoma ni orodha ya kozi. Angalia kama kuna ethnografia (kuchunguza jamii kwa kukaa nayo), ukoo na ndoa, dini na matambiko, afya na utamaduni, mbinu za utafiti.

Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Laini iwe yako, si ya mjomba aliyeko shambani Newala asikokuwa na mtandao. Na pesa: uthibitisho huangukia kabla korosho haijauzwa, na malipo ya stakabadhi ghalani yanaweza kufika baada ya chuo kufunguliwa. Ada ya usajili na nauli ya Dar es Salaam au Dodoma zitengwe kutoka kwenye ufuta, unaouzwa mapema zaidi.

Kuhama kuna sura mbili, na watu huzichanganya. Mwaka wa kwanza, dirisha la uhamisho hufunguliwa kwa muda mfupi baada ya udahili. Unahitaji sifa za programu unayoiendea kwa mwaka huohuo, nafasi iwepo, na vyuo vyote viwili vikubali kabla TCU haijabariki. Kosa kubwa ni kufungasha begi kabla ya jibu. Endelea kusajiliwa na kuingia darasani ulipo, na mjulishe afisa mikopo wa pande zote mbili, la sivyo bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) linabaki chuo cha zamani nawe uko kipya.

Ukihama baadaye, jambo ni krediti. Krediti moja ni saa 10 za kazi, ikiwemo ya kujisomea. Mwaka ni krediti 120, shahada ya miaka mitatu 360. Chuo kipya kitalinganisha kozi kwa kozi, kwa maudhui. Peleka matokeo rasmi pamoja na muhtasari wa kila kozi wenye mada, krediti na vitabu. Kozi ya nadharia ikikosa muhtasari inaweza kurudiwa hata kama ulipata A.

Ukishaingia, jua hesabu ya GPA: zidisha krediti za kila kozi kwa pointi za alama, jumlisha, gawa kwa krediti zote. Pointi za chuo si zile za kidato cha sita: A ni 5 lakini C ni 2. Kozi ya krediti 12 ukipata A inaleta 60. Ukila sapu (mtihani wa marudio baada ya kufeli) ukafaulu unaandikiwa C, hata kama umepata 75, nayo inaleta 24. Pengo ni 36, na 36 kwa 360 ni 0.1 ya GPA yako ya mwisho. Daraja la pili la juu linaanza 3.5; desimali inayofuata hukatwa, haikuzwi, kwa hiyo 3.49 inasomeka 3.4. Sapu moja ya mwaka wa kwanza inaweza kukushusha daraja zima. Mbinu za utafiti ndiyo kozi ya kuilinda kuliko zote: mara nyingi hufundishwa semista moja kwa mwaka, na ukiibeba, yaani ukiirudia mwaka unaofuata, inagongana na tasnifu.

Tasnifu ndiyo sehemu ambayo mtoto wa kusini ana utajiri, na ndiyo inayochelewesha wengi. Ukichagua jando na unyago, kumbuka hufanyika zaidi shule zikifungwa, Juni na Desemba. Kuanzia Septemba watu wako kwenye mikorosho na hawana muda wa mahojiano. Barua ya chuo inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji, nawe weka nakala ya kila muhuri. Baada ya hapo bado humfikii kungwi. Kungwi anaombwa kwa njia yake, kupitia mtu anayemheshimu, na mwanamume haingii unyago hata awe na barua ya Rais. Yaliyo siri ya ndani usiyaandike. Andika yale uliyoruhusiwa, ficha majina, na mweleze msimamizi wako mpaka huo kwenye pendekezo la utafiti, asije kudai data ambayo huna haki ya kuitoa.

Mwaka wa tatu, semista ya pili ikianza, chapisha matokeo yako yote na uhesabu krediti mwenyewe: za lazima, za hiari, mafunzo kwa vitendo, tasnifu. Kozi ya hiari iliyofutwa bila kujazwa nyingine hugundulika hapa, wakati bado unaweza kuijaza. Kisha zungusha fomu ya kukamilisha madeni maktaba, bwenini, kwa mhasibu na idarani kabla hujapanda basi la kurudi Mtwara, kwa sababu kitabu kimoja kisichorudishwa kinatosha kuzuia cheti.