Namna ya Kuanzisha Kikundi cha Historia ya Vita katika Taita Taveta

Kaunti ya Taita Taveta ilikuwa uwanja wa mapigano tangu mwanzo wa Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914 na kujichimbia katika kilima cha Salaita, ambako tarehe 12 Februari 1916 waliyarudisha nyuma majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini, kabla ya kuondoka mwezi uliofuata wakati wa mapigano ya vilima vya Latema na Reata. Anayetaka kuunda kikundi cha kuhifadhi historia hiyo huvutwa kwanza na vilima na mahandaki. Ninamshauri aanze na watu.

Wapagazi waliobeba chakula na risasi za jeshi la Uingereza waliandikishwa kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu. Hesabu rasmi za Waingereza wenyewe zinakiri vifo zaidi ya 40,000, na wengi wa waliokufa waliuawa na kuhara damu, malaria na lishe duni kuliko risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali kwamba Waafrika wengi hawakuandikiwa majina yao kama walivyoandikiwa wanajeshi Wazungu. Kwa sababu hiyo, daftari la kwanza la kikundi liwe la majina, na majina hayo yako katika familia, kwa wajukuu ambao sasa nao ni wazee.

Mwendeeni mzee mkiwa wawili, mmoja wa kuuliza na mwingine wa kuandika, na ikiwezekana mmoja awe anazungumza Kitaita au Kitaveta vizuri. Ombeni ruhusa kabla ya kurekodi sauti, na mweleze wazi rekodi itakaa wapi na nani ataisikiliza. Msiulize mwaka, ulizeni ni nani aliyezaliwa kabla babu hajachukuliwa, alirudi kabla au baada ya homa kali ya mafua ya 1918, na nani alilima shamba lake alipokuwa hayupo. Mzee akisema babu hakurudi, msiharakishe kwenda swali linalofuata, kwa maana familia nyingi hazikuonyeshwa kaburi wala kupewa barua. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, hata yanapopingana na vitabu, kisha tofauti hiyo iandikwe pembeni.

Familia ikiwa na medali ya askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika), tazameni ukingo wake, kwa kuwa huko ndiko kwa kawaida huchongwa namba, cheo na jina. Ipigeni picha pande zote na kuirudisha papo hapo. Isisuguliwe ing'ae, kwani kila kuisugua kunafuta herufi. Namba hiyo inaweza kumsaidia mwanakikundi atakayekwenda kupekua majalada katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi.

Baada ya hapo ndipo muende Salaita, Maktau na kwenye mkondo wa reli ya kijeshi iliyojengwa kutoka Voi. Ombeni idhini ya mwenye ardhi, pigeni picha ya kila handaki pamoja na fimbo iliyopimwa ili ukubwa uonekane, na kuandika mahali lilipo kwa kutumia simu. Msichimbe. Uchimbaji wa mambo ya kale nchini Kenya unahitaji kibali, na ganda la risasi lililong'olewa bila kuandikwa lilikolala limekwisha kupoteza nusu ya habari zake. Kombora lolote zima lisiguswe hata na mtu mwenye uzoefu: rudini nyuma, wekeni alama kwa mbali, na kuita polisi.

Usajili katika ofisi ya maendeleo ya jamii ni jambo la kufuata utaratibu tu: katiba fupi, viongozi na kumbukumbu za mkutano. Ndani ya katiba hiyo, hata hivyo, andikeni kifungu kinachokataza kuuza kitu chochote kilichokusanywa, kwa sababu wanunuzi watakuja. Andikeni pia kwamba kila rekodi itakuwa na nakala tatu: moja ya kikundi, moja ya maktaba au makumbusho yatakayokubali kuitunza, na moja itakayokabidhiwa familia iliyosimulia.