Kupima floraidi kwenye maji ya Arusha bila kulia labu

Wale wa mwaka wa kwanza mnaoanza projekti za maji, sikilizeni. Huku tunaishi chini ya mlima Meru, miamba yake ya volkano ndo inatoa floraidi kwenye maji, ukipita Maji ya Chai utaona watu wana meno ya kahawia wala hawavuti sigara. Kwa hiyo hii elektrodi ya floraidi, yaani kijiti cha kupimia floraidi kinachotoa namba kwa milivolti, mtaishika tu.

Sampuli beba kwenye chupa ya plastiki, sio kioo, na bika za kupimia ziwe za plastiki pia maana floraidi na kioo hawapatani. Kisha tafuta tisab (dawa ya maji ya kutuliza sampuli kabla ya kupima), ile ya kuchanganya nusu kwa nusu, mili 25 za sampuli na mili 25 za tisab. Watu wanairuka hii wakiona ni uchafu wa gharama, alafu wanapata namba za ajabu. Tisab inaweka pH kwenye 5 na kitu, na inaibandua floraidi iliyong'ang'ania alumini na chuma, bila hivyo elektrodi haiioni.

Standadi, yaani maji yenye floraidi ya kiasi unachokijua, tengeneza mwenyewe: gramu 2.21 za sodiamu floraidi iliyokaushwa kwenye lita 1 inakupa miligramu 1000 kwa lita, hapo unapunguza makali kwa maji ya distildi mpaka 10 na 1. Nazo zitie tisab vilevile. Anza na ndogo uende kubwa. Milivolti zinashuka floraidi ikipanda, usishtuke. Kutoka 1 mpaka 10 tegemea zishuke kama 54 hadi 60, ikiwa 40 basi usiendelee na sampuli, kuna kitu.

Mimi hapo nilipoteza asubuhi nzima. Namba inaruka ruka, nikalaumu stabilaiza, nikalaumu umeme, nikabadili standadi mara mbili, kumbe kipovu cha hewa kimejibana chini ya ncha ya elektrodi, kadogo kama punje ya ulezi. Gonga taratibu na kidole kitoke, alafu iinamishe kidogo ili kisirudi. Ndo maana siku hizi naangalia ncha kabla ya kuangalia skrini.

Koroga kwa spidi moja muda wote, na weka kipande cha sponji au kadibodi kati ya bika na ile mashine ya kukorogea kwa sumaku, inapata moto na joto likibadilika namba nayo inabadilika. Kaa mbali na dirisha la jua. Subiri namba itulie, dakika 3 hivi au zaidi kwa maji yenye floraidi kidogo. Kati ya sampuli suuza na maji ya distildi na gusisha tishu, USISUGUE, hicho kioo pale chini ya elektrodi ni kristali na kikichubuka bajeti ya idara inakuhusu.

Ukipata zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, umepita kiwango cha WHO. Ikizidi 10, punguza makali ya sampuli mara 10 kwa maji ya distildi upime tena, alafu kumbuka kuzidisha jibu kwa 10, watu wanasahau hapa kila muhula.