Simu yako imebeba majina ya wengine: mambo ya kuandaa kabla ya kupaza sauti mtandaoni

Lubumbashi ina vijana wengi wanaotetea mitaa yao kwa simu. Bomba likikauka wiki nzima Katuba, moshi wa kiwanda ukiingia majumbani usiku, askari akimpiga muuza mkate barabarani, video inafika Facebook kabla habari haijamfikia shefu wa kartie. Ni kazi njema na naiunga mkono kwa moyo wote. Ila maandalizi yanayozungumzwa kila siku ni ya kumlinda anayerekodi. Mimi naanza na wengine: mama aliyekusimulia, jirani aliyekupa karatasi, mtoto aliyepita nyuma ya kamera. Hao hawakuchagua kuwa wanaharakati. Ukikamatwa wewe, jina lako litatajwa na watu watakupigania. Wao watasomwa ndani ya simu yako, na pengine hakuna atakayejua kwamba wametafutwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni grupu. Fungua grupu yenu ya WhatsApp sasa hivi, gusa jina lake juu ya skrini, ushuke hadi orodha ya wanachama. Namba zote unazoziona pale zinaonekana kwa kila mwanachama, na kwa yeyote atakayeshika simu ya mmoja wenu ikiwa wazi. Kwetu Kongo namba husajiliwa kwa kitambulisho, mara nyingi kadi ya mpiga kura, kwa hiyo namba ni sawa na jina na anwani. Watu husema WhatsApp ni salama kwa sababu tangu 2016 ujumbe husimbwa, yaani hufichwa usisomeke na mwingine, kutoka simu hadi simu. Ni kweli, lakini usimbaji huo unalinda ujumbe ukiwa njiani. Mtu akishakaa na simu yako mezani na neno lako la siri, haulindi kitu tena.

Tenganisheni basi. Grupu kubwa ibaki ya matangazo tu: saa, mahali, habari ambazo hata shangazi yako angeweza kuzisoma. Majina ya mashahidi, sauti walizotuma, picha za nyaraka, vyote hivyo viwe kwa watu wawili au watatu, na ujumbe uwekewe muda wa kujifuta wenyewe. WhatsApp inakupa saa 24, siku 7 au siku 90. Signal, programu nyingine ya ujumbe, inakuruhusu kupanga muda mwenyewe, na tangu 2024 unaweza kuzungumza na mtu kwa jina la mtumiaji bila kumwonyesha namba yako. Kwa kazi ya ushahidi mimi ningechagua Signal. Telegramu watu wanaipenda, lakini grupu zake hazisimbwi kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo msiweke humo jina la shahidi. Angalieni pia nakala rudufu: mazungumzo yanayojifuta kwenye simu hayana maana kama picha zake zote zinapanda kila usiku kwenye Google Drive bila kufungwa.

Usihifadhi mashahidi kwa majina yao kamili pamoja na kazi zao. Nimeona simu zenye “Fundi wa kiwanda, anatoa karatasi” kwenye orodha ya namba. Hapo mpelelezi hahitaji hata kuuliza swali.

Sasa video, na hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapofichuliwa bila mtu kukusudia. Tuseme umerekodi foleni ya bidoni kwenye kisima saa kumi alfajiri. Kabla ya kutuma, itazame mara moja bila sauti. Tafuta nyuso, namba za gari, kibao cha avenue, sare ya shule, rangi ya geti ambayo mtaa mzima unaijua. Halafu isikilize bila kutazama. Kuna mtu anaita “Mama Kabwe, sogea mbele!”, na kwa sauti hiyo moja kartie nzima imeshajua ni nani alikuwa pale na amesema nini. Nyuso zinaweza kufunikwa kwa ukungu. Signal ina zana hiyo ya picha tangu 2020. Lakini sauti husahaulika. Ikiwa jina limetajwa, ondoa sauti na uandike maelezo chini ya video.

Ombeni ruhusa kwa maneno yanayoeleweka. Kumuuliza mama “naweza kukurekodi?” hakutoshi, anaweza kudhani unampelekea mwanawe. Mwambie itawekwa Facebook, itaonwa na watu wa serikali na wa kampuni, na haitarudishwa ikishatoka. Mpe usiku mmoja wa kufikiri. Akikataa kesho yake, futa mbele yake.

Akikubali, video yenyewe ya asili usiifute wala kuikata; marekebisho yafanyike kwenye nakala. WhatsApp na Facebook huondoa taarifa za ndani ya picha, kama saa na mahali ilipopigwa. Hilo ni zuri kwa anayetaka kujificha, ila wakili atazihitaji taarifa hizo. Nakala ya asili itumwe kwa mtu mmoja mnayemwamini akiwa nje ya mji, kama hati na si kama picha, kwa kuwa ikitumwa kama hati taarifa zake hubaki.

Kuhusu sheria, kuna mambo machache ambayo kila mwanachama ayajue kwa moyo. Katiba ya 18 Februari 2006 inalinda uhuru wa kutoa maoni katika kifungu cha 23, na kifungu cha 31 kinalinda faragha na siri ya mawasiliano. Kifungu cha 26 kinataka waandaaji wa maandamano ya barabarani waitaarifu mamlaka kwa maandishi. Ni taarifa inayotakiwa, kwa hiyo tunzeni nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kifungu cha 18 kinasema mtu asishikiliwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa kwa mamlaka ya mahakama.

Upande wa pili kuna Kanuni ya Dijitali, sheria ya mambo ya mtandao, ya 13 Machi 2023. Kifungu chake cha 360 kinamwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kwa mtandao: kifungo cha mwezi 1 hadi 6, na faini ya faranga 500.000 hadi 1.000.000, au mojawapo ya adhabu hizo. Neno zito hapo ni kusambaza. Aliyebonyeza tu kutuma mbele sauti ya dakika mbili kutoka grupu nyingine naye yumo. Wekeni sharti kwamba hakuna tuhuma yenye jina la mtu inayotoka kwenu kabla wawili hawajaihakiki kila mmoja kwa njia yake. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa Septemba 2023 kuhusu makala ambayo hata haikuwa na sahihi yake. Simu zake na kompyuta vilichukuliwa, akahukumiwa miezi sita, akatoka Machi 2024. Sisi ambao hatuna gazeti nyuma yetu tuna sababu zaidi ya kujipanga.

Simu yenyewe: ondoa kufungua kwa kidole na kwa uso siku ya tukio, maana kidole hulazimishwa kwa urahisi kuliko kumbukumbu. Weka neno la siri la tarakimu sita au zaidi. Zima ujumbe unaojionyesha juu ya skrini iliyofungwa. Washa uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp. Kisha weka PIN kwenye kadi ya SIM, jambo ambalo karibu kila mtu analiruka: bila PIN, kadi yako ikihamishiwa simu nyingine, namba za SMS za kufungulia akaunti zako zinaingia huko. Uliza kwanza PIN ya mwanzo ya kampuni yako, kwani ukikosea mara tatu kadi inajifunga hadi upate PUK, namba ya kuifungulia.

Umeme na mega za intaneti, mnajua wenyewe. Chaji mapema, nunua mapema.

Mtandao wenyewe unaweza kuzimwa. Tarehe 31 Desemba 2017 ilikatwa intaneti pamoja na SMS. Baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa siku zipatazo 20. Goma na Bukavu watu walitumia kadi za SIM za Rwanda kwa sababu mpaka uko miguuni. Sisi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, iko zaidi ya kilomita 80. VPN, programu ya kupita vizuizi vya mtandao, isakinishwe na kujaribiwa leo, kwani inasaidia pale Facebook au X inapozuiwa, lakini mtandao ukizimwa wote haisaidii. Programu ya Briar hupeleka ujumbe kwa Bluetooth kati ya simu zilizo karibu, inafaa ndani ya uwanja mmoja, haivuki kutoka Ruashi hadi Kamalondo. Hivyo andikeni namba muhimu kwenye karatasi, ya wakili kwanza, na mkubaliane mahali na saa ya kukutana bila simu.

Mteue mtu mmoja asiyekuja kwenye tukio. Kazi yake ni kukaa nyumbani, kupokea salamu ya kila mmoja saa iliyopangwa, na asipoipata, kumpigia wakili na familia. Apewe pia mamlaka ya kumtoa kwenye grupu yeyote aliyekamatwa, papo hapo, bila kikao.

Simu iliyokaa mikononi mwa polisi ikirudishwa, usiingie nayo kwenye grupu. Kwa simu ya mtu mwingine badili maneno ya siri ya barua pepe na Facebook, toa vifaa vyote vilivyounganishwa na WhatsApp, kisha wapigie mmoja mmoja mashahidi waliokuwemo ndani yake uwaambie ilichukuliwa lini na ilikuwa na nini chao.