Barua ya kuchota maji Mtwara: taja halmashauri zote

Nimemaliza juzi kuchota maji ya visima kwa kipimo cha isotopu (atomi nyepesi na nzito za elementi ileile) za naitreti, chumvi yenye naitrojeni. Kipimo hicho husaidia kutenganisha naitreti ya mbolea na ya vyooni. Kibali cha utafiti unaomba COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa mtandao, hilo sielezi. Ila kama chupa zitapimwa nje ya nchi, mkataba wa kusafirisha sampuli uanze siku hiyohiyo. Nakala ya kibali ipelekee pia Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini.

Mimi nilikwama kwenye barua ya utambulisho. Niliomba niandikiwe kwenda Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, nikaona nimemaliza. Kumbe wilaya hii ina halmashauri tatu: Manispaa, hiyo niliyoitaja, na Mji Nanyamba. Visima vyangu viwili viko Nanyamba. Mtendaji wa kijiji aliisoma barua mara mbili, akanipa kiti, akasema kwa upole, "Mwanangu, hii siyo ya kwetu." Nikarudi mjini. Mwenye muhuri kasafiri, njoo kesho. Kesho hiyo ilichukua siku nne.

Hapo nina boksi la sampuli za visima vya mwanzo, na barafu ya wauza samaki imeshakuwa supu. Bakteria hawasubiri muhuri. Wakianza kuila naitreti hutangulia na ile yenye naitrojeni-14, nyepesi. Inayobaki inazidi kuwa nzito, na kwa kuwa naitreti ya vyooni kwa kawaida ni nzito kuliko ya mbolea, kisima cha mbolea kinasomeka kama cha choo. Nikamwaga zote.

Kwa hiyo orodhesha kila halmashauri, kata na kijiji tangu barua ya kwanza, hata unakodhani hutafika. Toa nakala za kutosha, kila meza itabaki na yake. Na usiguse kisima hata kimoja kabla barua zote hazijagongwa mihuri.

Kuchota kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Chuja palepale kisimani kwa kichujio cha mikromita 0.45, acha nafasi chupani maana maji yakiganda hutanuka, kisha gandisha. Chukua pia sampuli ya mbolea inayotumika hapo na ya maji ya choo, upate cha kulinganishia.

Kila ofisi watauliza kama umefuata salfa ya mikorosho, ile dawa ya ukungu. Jibu hapana, salfa haina naitrojeni. Wataandika "utafiti wa korosho" kwenye daftari la wageni hata hivyo. Waombe wafute, kabla hujatumwa kwa bwana shamba.