Somo: Kuandaa kozi ya mtandaoni kwa kuanzia mwisho wake

Ndugu wanachama, wengi wetu tunapoandaa kozi ya mtandaoni kwa mara ya kwanza hukimbilia kurekodi video. Nami nilifanya hivyo: nilirekodi maelezo ya saa nzima kuhusu bajeti, washiriki wakayatazama na kuyasifu, lakini nilipowaomba kila mmoja aandae bajeti yake, wengi walikwama kwenye mstari wa kwanza. Sauti ilikuwa safi na picha zilikuwa nzuri, ila sikuwa nimejiuliza mshiriki anatakiwa aweze kufanya nini baada ya kumaliza.

Hatua ya 1: Mfahamu mwanafunzi. Zungumza na watu watano au sita kati ya wale unaokusudia kuwafundisha, uwaulize wanajua nini tayari, wanasomea kwenye simu au kompyuta, na wana muda kiasi gani kwa siku.

Hatua ya 2: Andika lengo linalopimika. Hapa usiwe na haraka, kwa kuwa kila kitu kitakachofuata kinasimama juu ya sentensi hii. Ukiandika kwamba “mshiriki ataelewa bajeti”, hutakuwa na njia ya kujua kama ameelewa. Linganisha na hili: “Akipewa orodha ya matumizi 20, mshiriki atayagawa katika ya kudumu na yanayobadilika, kisha ataonyesha mwezi ambao fedha hazitatosha.” Mpangilio wa ngazi za kujifunza uliotolewa na mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956, ambao ulirekebishwa mwaka 2001, unasaidia sana katika kazi hii, kwa sababu ngazi zake sasa hutajwa kwa vitenzi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kuunda. Hata unapolenga kuelewa, tafuta kitendo kinachoonekana, kwa mfano kueleza jambo kwa maneno yake mwenyewe.

Hatua ya 3: Tunga jaribio kabla ya somo. Najua inaonekana kama kutanguliza mkokoteni mbele ya punda, lakini jaribio ndilo litakaloamua somo libebe nini. Chukua swali hili: “Ofisi hulipa pango la kiasi kilekile kila mwezi, hata mwezi usio na kazi. Hayo ni matumizi ya aina gani?” Majibu yasiyo sahihi yatokane na makosa ambayo watu huyafanya kweli, na kila moja lipewe mrejesho wake. Anayechagua “yanayobadilika” asiambiwe tu kwamba amekosea, aulizwe, “Je, kiasi hiki hupungua kazi inapopungua?” Mrejesho wa namna hiyo unamfundisha papo hapo, mahali alipojikwaa.

Hatua ya 4: Sasa ndipo utengeneze maudhui, ukiondoa kila kisichomsaidia mshiriki kufanya zoezi. Uchambuzi wa video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba video zisizozidi dakika 6 ndizo zilizotazamwa kwa ukamilifu zaidi. Usisome neno kwa neno maandishi yaliyo kwenye skrini, maana macho na masikio yatashindana juu ya ujumbe uleule. Hata hivyo, weka manukuu (maandishi ya yale yanayosemwa) yanayoweza kuwashwa na kuzimwa, kwa ajili ya asiyesikia vizuri.

Hatua ya 5: Wape watu wachache kozi waijaribu, nawe ukae kando bila kuwaelekeza. Pale wanaposita ndipo pa kurekebisha.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, ni lazima ninunue mfumo wa kuendeshea kozi?

Jibu: Si lazima. Moodle, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2002, ni programu huria isiyo na ada ya leseni, ingawa utahitaji seva (kompyuta ya kuihifadhi kozi mtandaoni) na mtu wa kuitunza. Kwa kundi dogo, anza na zana ulizo nazo.

Swali: Washiriki wangu hulalamika kwamba majaribio ni mengi. Je, niyaache hadi mwisho wa kozi?

Jibu: Nakushauri uyafupishe bila kuyaondoa. Katika utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa mwaka 2006, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja walioongoza ni wale waliojipima kwa kukumbuka. Maswali mawili mwishoni mwa kila somo, yasiyo na alama, yanatosha.

Swali: Ninafundisha ushonaji, Mwalimu. Inawezekana kweli kupima kazi ya mikono mtandaoni?

Jibu: Inawezekana, mradi usipime kwa maswali ya kuchagua. Mwombe mshiriki apige picha mbili za mshono wake, upande wa nje na wa ndani, azitume pamoja na maelezo ya mahali alipopata shida. Wewe utazikagua kwa vigezo ambavyo alivijua tangu siku ya kwanza: mshono umenyooka, nyuzi hazikulegea, na ncha zimefungwa.