Kutibu kuhara damu kwa vifaranga wa nyumbani

Kifaranga wa wiki 3 hadi 6 anapojikunyata pembeni, mabawa yameshuka, manyoya yametimka na macho yamefumba nusu ilhali wenzake wanakimbilia chakula, ugonjwa wa kwanza kushukiwa ni koksidiosisi, ambao wafugaji wengi huuita kuhara damu. Husababishwa na vimelea wa jamii ya Eimeria, wasioonekana kwa macho, ambao humezwa pamoja na chakula, maji au matandazo yaliyochafuliwa na kinyesi, kisha wakazaliana ndani ya kuta za utumbo na kuzipasua. Vimelea hawa si minyoo. Dawa ya minyoo kama piperazini haiwadhuru hata kidogo, na siku zinazopotea kwa kuijaribu ndizo ambazo kifaranga angeokolewa.

Tandika karatasi nyeupe mahali wanapolala, kisha ukague kinyesi asubuhi. Damu, au kinyesi chepesi chenye kamasi ya rangi ya chungwa, ni dalili nzito. Kinyesi laini cha kahawia chenye harufu kali, ambacho kuku mzima hutoa mara chache kwa siku, kisikutishe, kwa maana ni cha kawaida. Kutoonekana kwa damu nako kusikutulize, kwani aina kadhaa za Eimeria hudhoofisha kifaranga bila kuonyesha hata tone. Eimeria tenella, inayoshambulia vifuko viwili vilivyo mwishoni mwa utumbo, ndiyo yenye damu nyingi, nayo huonekana takriban siku ya 5 tangu kuambukizwa, wakati utumbo umekwisha kujeruhiwa. Kwa sababu hiyo sishauri mtu yeyote asubiri damu ndipo aanze kutibu. Ikiwa kifaranga amekufa, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo ampasue, kwa kuwa Gumboro, ugonjwa mwingine unaosababishwa na virusi, nao huwapata vifaranga wa umri huu na hauna dawa.

Dawa inayopatikana kwa urahisi zaidi ni amproliamu, nayo hutiwa katika maji ya kunywa ya kundi zima, wagonjwa na wanaoonekana wazima, kwa sababu wote wamekanyaga na kudonoa mahali palepale. Kama ni unga wenye nguvu ya asilimia 20, kipimo cha ugonjwa mkali ni gramu 1.2 kwa kila lita ya maji kwa siku 3 hadi 5, kisha gramu 0.3 kwa lita kwa wiki 1 hadi 2. Kama ni ya maji yenye nguvu ya asilimia 9.6, kipimo cha kwanza ni mililita 2.5 kwa lita. Soma nguvu iliyoandikwa kwenye pakiti kabla ya kupima, maana dawa zenye jina moja hutofautiana, na kijiko cha kukadiria hakifai: pima gramu 6 kwenye mizani ndogo na uzichanganye katika lita 5. Maji haya yawe ndiyo pekee yaliyopo bandani, na yachanganywe upya kila siku.

Amproliamu hufanya kazi kwa kufanana na vitamini B1, hivyo kimelea huichukua kwa makosa na kukosa vitamini yenyewe anayoihitaji. Mfugaji anayewahurumia vifaranga wake akawapa mchanganyiko wa vitamini wenye B1 siku hizohizo huipunguza nguvu dawa bila kujua. Vitamini za kuwasaidia kupona, hasa A na K, zitolewe kipimo kikubwa kikiisha.

Wanaohitaji uangalizi zaidi ni walio hoi, kwa sababu dawa iliyo ndani ya maji haimfikii asiyekunywa. Mtenge kifaranga wa namna hiyo katika boksi lenye joto upande mmoja, ili aweze kulisogelea au kulikwepa. Vuta maji yaleyale ya dawa kwa sirinji isiyo na sindano, weka tone moja ubavuni mwa mdomo wake, kwenye ukingo, na usubiri uone koo likicheza kabla ya kuongeza la pili. Usimsukumie maji mdomoni, kwani yakiingia kwenye njia ya hewa yatamuua. Rudia kila baada ya saa moja au mbili mchana kutwa mpaka aende kunywa mwenyewe.

Ikiwa baada ya siku 2 hakuna nafuu, peleka kinyesi kibichi kikapimwe. Daktari anaweza kubadili dawa, kwa mfano kuwapa toltrazurili kwa siku 2.

Wakati huohuo shughulikia matandazo, kwani mayai ya vimelea yanayotoka na kinyesi huhitaji unyevu, joto na hewa kwa siku 1 hadi 2 kabla ya kuweza kuambukiza, na dawa za kawaida za kusafishia, klorini ikiwamo, haziyaui. Kamata konzi ya matandazo karibu na chombo cha maji na uyaminye: yakishikamana kama donge, yaondoe yote ya eneo hilo leo na uweke makavu. Inua chombo kifikie usawa wa migongo ya vifaranga ili wasinye ndani yake, na uendelee kuminya matandazo kila asubuhi hadi vifaranga wavuke wiki ya 8.